Kwa Nini Kiingereza Hakiandikwi Kama Kitamkwavyo

Msomaji, yamkini umepata kuandika imla ya Kiingereza ukarudishiwa daftari lako limejaa wino mwekundu. Uliandika "det" kwa maana ya deni, mwalimu akalikata neno lako na kuandika "debt" juu yake. Ulitega sikio kwa makini neno lilipokuwa likisomwa. Sauti ya b hukuisikia, basi hukuiandika. Sikio lako lilikuwa aminifu, na hata hivyo ulikosa. Mwenzako aliyeandika "nife" kwa kisu alikosa, na yule aliyeandika "nite" kwa usiku alikosa pia. Makosa ya namna hii yakikithiri, mwanafunzi huanza kudhani kuwa yeye ni mzito wa akili, au kwamba lugha hii ilitungwa na watu waliokusudia kumtesa.

Mawazo yote mawili si ya kweli. Maendelezo ya maneno ya Kiingereza, au tahajia yake kama wasomi waiitavyo, yana historia yake, na kila herufi isiyotamkwa ina sababu iliyoifikisha mahali pale. Nataka tuzifuate sababu hizo moja baada ya moja. Tukifika mwisho utaona kwamba taabu ikupatayo ni mabaki ya safari ndefu ya lugha, wala si upungufu wa akili yako.

Tuanze na herufi zenyewe. Waingereza hawakubuni alfabeti waitumiayo. Wazee wao walikuwa Waanglo na Wasaksoni, makabila yaliyovuka bahari katika karne ya 5 kutoka nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Watu hao walikuwa na alama zao za kale walizozichonga katika mbao, mawe na mifupa. Mwaka wa 597 mmisionari aitwaye Augustine alifika Kent kutoka Roma kueneza dini ya Kikristo, na pamoja na dini zikaja herufi za Kilatini. Herufi hizo zilikuwa 23 tu, nazo zilikatwa na kushonwa kwa kimo cha Kilatini. Kiingereza kilikuwa na sauti ambazo Kilatini hakikuzijua, kama ile ya th. Watawa waliongeza herufi chache kuziba mapengo, lakini wahenga wetu walisema kweli: nguo ya kuazima haisitiri. Hata leo Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti zipatazo 44, na herufi ni 26. Irabu peke yake hukaribia 20. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandikia, na kila irabu ina kiti chake. Kwa Waingereza wageni 20 hugombea viti vile vile vitano.

Hata hivyo, hapo zamani nguo hiyo ya kuazima ilitumika kwa utaratibu mwema. Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu mwaka wa 871 hata 899, alihimiza vitabu vya Kilatini vifasiriwe katika lugha ya watu wake. Baadaye makarani wa Winchester na miji mingine walizoea kuandika kwa namna iliyokaribia kuwa moja, nao waliandika karibu kama walivyotamka. Nyumba iliandikwa "hus", kwa u ndefu kama yetu, mwana aliandikwa "sunu", malkia "cwen", usiku "niht". Mtoto wa Kiswahili angaliyasoma maneno hayo bila taabu kubwa.

Utaratibu huo ulivunjwa kwa vita. Mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, alivuka mlango wa bahari akawashinda Waingereza karibu na Hastings, akajitwalia ufalme. Kwa muda wa karne tatu hivi Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama, na Kilatini kikabaki lugha ya kanisa na ya hati. Kiingereza kikaachwa midomoni mwa wakulima na watumishi. Makarani waliozoea desturi za Kifaransa walipokiandika, walikiandika kwa desturi zao. Sauti ya u ndefu waliiandika "ou", kama ilivyo kwa Kifaransa, na "hus" ikawa "hous". "Cwen" ikageuka "queen". "Niht" ikatiwa g na kuwa "night". Tena katika mwandiko wa wakati ule herufi u, m, n na v zilikuwa vijiti vilivyosimama wima, na zikifuatana zilifanana na fito za ua, msomaji asijue herufi moja yaishia wapi. Ili kumwepushia taabu, makarani waliandika o badala ya u mbele ya herufi hizo. Ndiyo sababu leo twaandika "son", "come" na "love" kwa o, ingawa hakuna atamkaye o katika maneno hayo.

Kiingereza hakikufa. Mwaka wa 1362 ilitolewa sheria kwamba mashauri ya mahakamani yasemwe kwa Kiingereza, na katika karne ya 15 ofisi za mfalme jijini London na Westminster zikaanza kuandika barua na hati nyingi kwa lugha hiyo. Lakini Kiingereza kipi? Kila jimbo lilikuwa na lahaja yake na maandishi yake. Neno moja liliweza kuandikwa kwa namna kumi na zaidi, wala hapana aliyeliita hilo kosa, maana hapakuwa na kipimo.

Katika hali hiyo akatokea William Caxton. Huyu alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Kent, aliyeishi miaka mingi Bruges, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Alijifunza kazi ya kupiga chapa huko Cologne, na mwaka wa 1476 akarudi kwao na kuweka mtambo wa kwanza wa chapa katika Uingereza, pale Westminster. Mwaka wa 1490 alisimulia katika dibaji ya kitabu kimoja kisa cha wafanyabiashara waliokuwa merikebuni katika mto Thames. Upepo ulipowakosa, waliteremka pwani, na mmoja wao akamwomba mama mwenye nyumba ampe mayai, akayaita "egges". Yule mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mgeni akakasirika, kwa kuwa yeye naye Kifaransa hakukijua. Ndipo mwingine akasema "eyren", na mama akaelewa mara moja. Wote walikuwa Waingereza, na neno walilolitafuta lilikuwa la chakula cha kila siku. Caxton akauliza: Mtu aandikeje siku hizi, ili aeleweke na wote?

Yeye na wapiga chapa waliomfuata walilijibu swali hilo kwa kazi ya mikono yao kuliko kwa hoja. Walifuata zaidi Kiingereza cha London, kwa kuwa hapo palikuwa na serikali na soko. Lakini hawakuwa walimu wa lugha. Baadhi ya mafundi walitoka ng'ambo na walizoea maendelezo ya huko. Yaelekea h iliyomo katika "ghost", maana yake mzimu, iliingizwa na mikono iliyozoea Kiflemi, kwa maana zamani neno hilo halikuwa na h. Na fundi akiona mstari umekuwa mfupi, aliweza kuongeza e mwishoni mwa neno ili mstari ujae. Polepole, kitabu baada ya kitabu, sura za maneno zikaanza kukaa mahali pamoja.

Sasa, msomaji, zingatia sana jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote. Wakati ule ule wapiga chapa walipokuwa wakiyafunga maneno kwa risasi na wino, vinywa vya Waingereza vilikuwa vikibadilika. Tangu mnamo mwaka wa 1400 hata kukaribia 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya nyingine. Wataalamu huliita jambo hilo Mhamo Mkuu wa Irabu. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka wa 1400, alitamka "name" kwa a ndefu kama a yetu, na "time" kwa i ndefu kama i yetu. Neno "feet" alilitamka kwa e ndefu, na "moon" kwa o ndefu. Kwa ufupi, herufi za irabu ndefu zilisomwa karibu kama tuzisomavyo sisi hivi leo. Kisha e ndefu ikapanda ikawa i, o ndefu ikapanda ikawa u, i ndefu ikageuka ai, na u ndefu ikageuka au. Vinywa vilihama, lakini maandishi yalibaki.

Konsonanti nazo zilipungua. Katika "knight", neno lililotaja askari wa farasi wa zamani, k ilitamkwa, na gh ilitamkwa kooni kama kh katika neno letu kheri. Katika "knife" k ilisikika. Sauti ile ya kooni ilipokufa, haikufa kwa namna moja kila mahali. Katika maneno mengine ilitoweka, katika mengine iligeuka f. Ndiyo maana "though", "through", "cough" na "bough" zina mkia ule ule wa herufi nne, na kila moja yatamkwa kwa namna yake.

Fikiri juu ya picha ya mtoto iliyotundikwa ukutani. Mtoto amekuwa mtu mzima, ameota ndevu, sauti yake imekuwa nzito, lakini picha yaonyesha sura ya miaka mingi iliyopita. Usemapo kwamba Kiingereza hakiandikwi kama kitamkwavyo, sema badala yake kwamba chaandikwa, kwa sehemu kubwa, kama kilivyotamkwa zamani.

Nimesema kwa sehemu kubwa, kwa maana ziko herufi ambazo hazikutamkwa kamwe katika Kiingereza. Hapa twarudi kwenye deni letu la mwanzo. Waingereza walilipata neno hilo kutoka Kifaransa, wakaliandika "dette" au "det", bila b. Katika karne za 15 na 16 elimu ya Kilatini iliheshimiwa mno, na wasomi walipenda kuonyesha asili tukufu ya maneno yao. Kwa kuwa deni kwa Kilatini ni "debitum", walichomeka b katika neno la Kiingereza. Kwa namna hiyo hiyo "doute", yaani shaka, ilipata b, na "receipt" ikapata p. Pengine walikosea hata asili yenyewe. Neno "island", maana yake kisiwa, ni la Kiingereza cha kale, wala halikuwa na s. Wasomi walilidhani ni ndugu wa "isle", neno la Kifaransa litokalo Kilatini "insula", wakalitia s ambayo si yake. Basi ulipoandika "det" katika imla, uliandika kama walivyoandika Waingereza wengi kabla wasomi hawajajishaua.

Sababu nyingine ni ukarimu wa lugha hiyo kwa wageni. Kiswahili kikipokea neno la kigeni hulivika kanzu ya nyumbani: twaandika picha, koti, shati na treni kama tuyasikiavyo. Kiingereza humwacha mgeni na mavazi yake. "Yacht" ilitoka Kiholanzi, "ballet" ilitoka Kifaransa, na "safari" ilitoka kwetu, na kila moja ilikuja na desturi zake za maandishi.

Yote haya yalihitaji mtu wa kuyatia muhuri. Ufaransa iliunda chuo cha kusimamia lugha mwaka wa 1635, na Hispania mwaka wa 1713. Jonathan Swift alipendekeza jambo kama hilo kwa Waingereza mwaka wa 1712, lakini halikufanyika. Muhuri ulitoka mikononi mwa wapiga chapa, walimu na watunga kamusi. Mwaka wa 1604 mwalimu Robert Cawdrey alitoa kitabu kidogo cha maneno magumu yapatayo 2,500. Kisha mwaka wa 1755 Samuel Johnson akatoa kamusi kubwa ya majuzuu mawili, yenye maneno zaidi ya 42,000, baada ya kazi ya miaka ipatayo tisa akisaidiwa na waandishi wachache. Wakati huo wapiga chapa walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya maneno mengi. Johnson aliyahifadhi waliyoyazoea watu, hata yasipopatana. Aliiacha p katika "receipt" na kuiondoa katika "deceit", yaani udanganyifu, ingawa maneno hayo mawili yana mzizi mmoja wa Kilatini. Mpaka leo twaandika hivyo. Tangu kamusi hiyo, mtu aliyeandika kwa njia yake mwenyewe alianza kuonekana mjinga. William Shakespeare hakuwa na hofu hiyo. Sahihi zake sita zilizobaki hazifanani katika maendelezo ya jina lake mwenyewe, wala hapana amwitaye mjinga.

Utauliza: mbona hawakuyarekebisha baadaye? Walijaribu. Katika Marekani mwalimu Noah Webster alitoa kitabu cha maendelezo mwaka wa 1783 na kamusi kubwa mwaka wa 1828. Kwa nguvu za vitabu vyake Wamarekani huandika "color" na "center", pale Waingereza waandikapo "colour" na "centre". Lakini alipotaka ulimi uandikwe "tung" na wanawake "wimmen", watu walikataa. Mwaka wa 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru maneno 300 yaandikwe kwa urahisi katika karatasi za serikali; magazeti yakamcheka, Bunge likapinga, naye akarudi nyuma kabla ya mwaka kwisha. Katika Uingereza mswada wa kurekebisha maendelezo ulikataliwa bungeni mwaka wa 1949 kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu tu!

Walioupinga hawakuwa wavivu wote. Lugha hii husemwa kwa vinywa vingi. Mskoti huitamka r katika "farm", mtu wa London haitamki. Basi kinywa cha nani kifuatwe? Tena maendelezo mapya yangaliufanya urithi wote wa vitabu vya kale kuwa mgumu kwa watoto wa baadaye. Na herufi iliyo kimya pengine hushuhudia udugu: g haisikiki katika "sign", lakini yasikika katika "signature".

Labda sasa wajivuna, msomaji, ukisema kwamba Kiswahili chetu hakina taabu hizi. Ni kweli kwamba tumepata bahati, lakini yafaa tujue ilitoka wapi na ililipiwa nini. Kiswahili nacho kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za kuazima, yaani za Kiarabu, ambazo asili yake hazina p wala v wala ch, na ambazo e na i zilishiriki alama moja. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye, zikatumiwa na wamisionari kwa namna mbalimbali. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka wa 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi ambayo kwa Waingereza ilichukua karne tatu, kwetu ilifanywa kwa miaka michache, juu ya matamshi ya wakati ule ule. Ndiyo maana nguo ilitukaa vizuri.

Lakini haikuwakaa wote sawasawa. Watu wa Mombasa walikuwa na lahaja ya Kimvita, yenye ushairi uliosifika tangu kale, na wengi wao hawakuridhika. Mtu wa Mombasa atajapo paa la nyumba na paa wa porini, hutamka p mbili tofauti, ya pili ikiwa na pumzi. Na kaa la moto si sawa na kaa wa pwani kinywani mwake. Katika maandishi yetu tofauti hizo zimefutwa. Kila kipimo cha lugha kina mtu aliyepimiwa kwacho, na mtu aliyeachwa nje.

Tena vinywa vyetu navyo havikusimama. Sikiliza watu njiani na sokoni. Utawasikia wengi wakisema "alafu" na "apa", na daftari bado lataka "halafu" na "hapa". Huenda siku moja, miaka mingi baada yetu, mtoto wa Kiswahili akamwuliza mwalimu wake kwa nini waandika h isiyotamkwa na mtu. Mwalimu atakuwa na jibu: wazee wetu waliitamka.

Basi jifunze maendelezo ya Kiingereza kwa bidii, maana ni sharti la wasomao lugha hiyo, na lisiloepukika hukabiliwa. Lakini lisije likakuvunja moyo, wala likakupa sababu ya kumcheka mwenzako aliyekosa. Utakapokutana tena na b ile isiyosikika katika "debt", ikumbuke kama alama ya wasomi waliokipenda Kilatini kupita kiasi. Na k ya "knife" ikumbuke kama sauti ya watu waliokwisha kufa, ambayo wapiga chapa waliihifadhi bila kujua. Ajuaye sababu ya jambo hulishika upesi kuliko alishikaye kwa hofu.